Mrejesho: Mtafiti wa mizabibu aliyetutembelea Dodoma

Ndugu zangu, nawashukuru mlionijibu nilipouliza namna ya kumwandalia mtafiti wa mizabibu kutoka Italia mikutano ya kiserikali na mazungumzo na wakulima. Tulianza na kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), kisha barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ndipo tukashuka wilayani hadi kwa mtendaji wa kijiji, na hakuna ngazi iliyotukwamisha. Mkutano wa wizarani haukufanyika, kwa kuwa Bunge la bajeti liliwabana wakubwa; tutauomba tena baada ya Juni. TARI Makutupora, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, walimpokea vizuri, ila yaliyomfaa zaidi, kwa maoni yangu, aliyasikia shambani Hombolo, wazee walipomweleza wanavyopogoa ili wavune mara mbili kwa mwaka. Yule kati yenu aliyeshauri tusalimiane kwanza, dodoso baadaye, alisema kweli.