Binti yangu anataka ubaharia, baba yake anataka awe nesi. Nishaurini (Tanga)

Fundi wa Ngamiani:

Habari zenu wana jukwaa. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Mume wangu anafanya kibarua kiwandani. Mungu katujaalia watoto watatu na kila mmoja ana lake. Kitinda mimba yuko darasa la tatu, leo anataka kuendesha treni ya umeme, juzi alikuwa daktari wa ng'ombe, huyo bado ana muda. Wa kati, wa kiume, yuko kidato cha pili na ni kipa. Akilala anaota uwanja wa Mkwakwani. Kilichonileta hapa hasa ni huyu mkubwa, binti, yuko kidato cha nne na Novemba anakaa mtihani wa taifa.

Anataka kuwa baharia. Na si kusafiri tu kama abiria mwenye sare, anataka aje aishike meli yenyewe. Akitoka twisheni huwa anapitia Raskazoni kuangalia vyombo. Daftari la kaunta nililomnunulia la Jiografia limejaa majina ya meli, bendera zake, na zile namba zinazoandikwa ubavuni karibu na maji. Kanieleza kuwa ukizisoma unajua chombo kimezama kiasi gani, kwa hiyo meli ikiingia na namba fulani ikatoka na nyingine, unajua imeshusha au imepakia. Ni yeye pia aliyenieleza kwa nini siku hizi meli kubwa tunaziona gatini. Zamani kina pale kilikuwa kama mita 3, zikawa zinatia nanga nje na mzigo unaletwa kwa matishari. Sasa pamechimbwa hadi mita 13, na gati lina urefu wa mita 450. Nimezaliwa hapa hapa Tanga, na hayo nimeyajua kwa mwanangu.

Baba yake anasema asome uuguzi. Hoja zake zina uzito: chuo cha afya kipo hapa mjini, atalala nyumbani, na mgonjwa hakosekani. Anauliza pia ni nani atakayemlinda binti yetu katikati ya maji na wanaume ishirini asiowajua. Hilo la mwisho na mimi linaninyima usingizi.

Kinachoniuma ni kwamba mtoto ameacha kulitaja mbele ya baba yake. Wageni wakija wakamuuliza utakuwa nani, anajibu "nesi" huku anautazama mkeka. Ni binti msemaji, tangu mdogo hanyamazi. Nikimwona hivi naona tunampoteza akiwa bado yumo ndani ya nyumba.

Fedha hatuna za kuchezea. Ningeweza kumwambia ukweli wa mfuko wetu akaachana nayo, lakini naogopa asije akajifunza kwamba mtoto wa fundi anaota kwa kadiri ya kitambaa cha mama yake. Naomba mnijibu, hii kazi kwa msichana wa Kitanzania ipo kweli? Anapitia wapi? Na nizungumze vipi na mume wangu bila nyumba kuchafuka?

Mzee wa Chumbageni:

Mwanangu, msikilize mumeo. Nimeona vijana wengi hapa mjini wana vyeti vya ubaharia na wanakaa vijiweni miaka. Cheti si meli. Nesi hata serikali ikichelewa kuajiri, kuna zahanati binafsi, kuna maduka ya dawa. Mtoto wa kike mpe kazi ya kumrudisha nyumbani jioni.

Serahangi Mstaafu:

Fundi, nimekula chumvi ya bahari tangu ujana wangu mpaka magoti yaliponikataa, wacha niseme ninachokijua. Mzee wa Chumbageni hakusema uongo kuhusu vijiweni, ila hakusema sababu.

Kuna ubaharia wa aina mbili. Kuna huu wa kozi fupi za usalama, kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na mengineyo. Ni za lazima kwa kila anayepanda meli, lakini peke yake hazimpi mtu daraja lolote. Wengi wa vijiweni wana hizo tu na kitabu cha baharia, wanasubiri meli. Halafu kuna njia ya ofisa, anayesomea unahodha au uhandisi wa meli. Hapa kwetu chuo ni kile cha ubaharia cha Dar es Salaam, DMI, cha serikali, kina stashahada na shahada. Binti anayesoma namba za ubavuni bila kufundishwa, mpelekeni kwenye njia hii ya pili.

Sasa pagumu penyewe. Ili apewe cheti cha ofisa wa zamu, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW, unadai awe ametumikia baharini, na kwa aliyepitia mafunzo yaliyoidhinishwa ni miezi 12, anajaza kitabu maalumu cha mafunzo na maofisa wanatia sahihi. Muda huo anaitwa kadeti. Nafasi za ukadeti ndizo haba, hapo ndipo vijana wengi hukwama, darasa wamemaliza na meli hawana. Kwa hiyo siku mtakayokwenda chuoni, swali la ada liwe la pili. La kwanza liwe hili: wanafunzi wenu wa mwaka jana wamepanda meli gani, na nani aliwatafutia?

Jingine, na hili lifanyeni kabla hamjatoa hata senti: mpimeni macho. Mtu hapewi cheti cha afya cha baharia wa daraja la unahodha kama hatofautishi rangi. Usiku meli haina sura, ina taa tu. Nyekundu ni ubavu wake wa kushoto, kijani ni wa kulia, na ukizichanganya umeua watu. Wanawake wenye tatizo hilo ni wachache sana, kwa wanaume ni kama mmoja katika kila 12. Lakini nimemjua kijana aliyesoma mpaka mwisho ndipo akaambiwa hazioni. Kipimo ni cha dakika chache, anaonyeshwa kurasa za vidoti vya rangi na kutaja namba.

Mwisho, akitokea mtu akakwambia lete hela nikupatie meli, mfukuze mlangoni. Mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, ule wa MLC, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumpatia kazi. Baharia analipia pasi yake ya kusafiria, kitabu chake cha baharia na cheti cha afya, basi.

Mwalimu Muheza:

Dada, mimi nafundisha Fizikia. Suala la selform, ile fomu ya kuchagua mchepuo wa kidato cha tano au chuo, lisiwaumize kichwa. Mwambie aweke PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, mbele. Mchepuo huo haumfungii milango, akibadili mawazo uhandisi upo, hata mambo ya bandari yapo. Ada ya kidato cha tano na sita serikali ilishaifuta tangu 2022, mtabaki na vifaa na nauli. Matokeo yakitoka bado huwa kuna kipindi cha kubadilisha machaguo kwenye mfumo wa TAMISEMI.

Akiamua chuo moja kwa moja baada ya kidato cha nne, Bodi ya Mikopo tangu mwaka wa masomo 2023/24 inakopesha na baadhi ya fani za stashahada, na usafiri na usafirishaji imo. Someni mwongozo wa mwaka husika, kozi zinazoruhusiwa huwa zimetajwa moja moja.

Mimi kama mwalimu ningemtaka apite kidato cha tano. Ana umri mdogo, Hisabati yake itakomaa, na baba naye atapata miaka miwili ya kuzoea wazo.

Dada wa Sitahani:

Shikamoo mama. Mimi ni mtoto wa Makorora, na sasa hivi naandika nikiwa nyumbani likizo baada ya mkataba. Niko upande wa sitaha, meli ya mizigo.

Nakujibu lile linalokunyima usingizi. Kila mtu ana chumba chake cha kulala na ufunguo wake. Mimi nilipoanza nilikuwa mwanamke peke yangu, na hilo si jambo la ajabu, kwa hesabu za dunia za 2021 wanawake tulikuwa asilimia 1.2 tu ya mabaharia. Niliyoyakuta? Wengi walinichukulia kama dada yao. Mmoja hakunichukulia hivyo. Nilimwandikia ripoti kwa ofisa mkuu, na kila meli inayofuata MLC lazima iwe na utaratibu wa malalamiko, baharia anaweza kufika mpaka kwa nahodha na hata nje ya meli, na ni marufuku kumwadhibu kwa kulalamika. Yule alihamishwa zamu, na bandari iliyofuata alishuka. Simwambii mdogo wangu kwamba hayatokei. Namwambia ajue njia kabla hayajatokea, na asione haya.

Kinachochosha zaidi ni miezi. Nimekosa arusi ya kaka yangu, nimekosa mazishi ya bibi. Hilo mwambieni binti kwa uwazi, sikukuu ya Idi inaweza kumkuta yuko zamu saa nane za usiku na hakuna hata mtandao wa kumpigia mama.

Na Mzee wangu wa Chumbageni, kwa heshima zote, nesi naye ana zamu ya usiku.

Mzee wa Chumbageni:

Binti yangu, nimekusoma mpaka mwisho. Hilo la kukosa mazishi ya bibi limenigusa. Bado nasimama na baba wa mtoto, lakini ninafurahi umerudi salama nyumbani.

Mgosi Damu:

Mama, huyo kipa na yeye msimsahau! Coastal Union ilikuwa bingwa wa Tanzania 1988, wazee wetu wanayasimulia mpaka leo, watoto wa hapa kuota mpira si upuuzi. Msimkatie. Ila mtihani wa kidato cha pili aufanye vizuri, akifeli anarudia darasa. Kipa hukomaa umri ukisogea, ana muda kuliko mshambuliaji.

Fundi wa Ngamiani:

Nawashukuru sana, wengine mmenitoa machozi. Dada wa Sitahani, Mungu akulinde.

Nimempa simu baba yake jana baada ya chakula akasoma mwenyewe, sikusema neno. Alirudia mara mbili pale pa yule aliyeshushwa bandarini. Halafu akamwita binti, akamwambia alete lile daftari. Wamekaa nalo mpaka nimelala. Asubuhi kaniambia bado hajakubali, ila macho atampeleka yeye mwenyewe hospitali, na kwenye selform aandike PCM. Kwangu hiyo ni hatua kubwa, maana mtoto leo amesema "meli" barazani kwa sauti yake ile ya zamani.

Ameacha swali moja, kasema nimuulize Serahangi neno kwa neno: akiumia huko au akaugua, au kampuni ikafilisika, nani anamrudisha mtoto wangu Tanga na kwa hela ya nani?

Serahangi Mstaafu:

Mwambie baba ameuliza swali la mtu mzima.

Anayemrudisha ni mwenye meli, kwa gharama zake. Akiumia au akiugua kazini, matibabu ni juu ya mwenye meli, na nauli ya kumrudisha kwao pia. Zamani wamiliki wengine walikuwa wanatelekeza watu bandarini, meli haina mafuta wala chakula, mishahara haijalipwa, nimeyaona hayo kwa macho yangu. Ndiyo maana MLC ikarekebishwa, na tangu Januari 2017 meli zinazohusika lazima ziwe na dhamana ya fedha ya kuwarudisha mabaharia waliotelekezwa, pamoja na mishahara yao isiyolipwa hadi miezi minne. Kwa kifo au ulemavu wa kazini ipo dhamana nyingine. Vyeti vya dhamana hizo hubandikwa mahali ambapo kila baharia anapita, na vina jina la bima na tarehe ya kwisha.

Lakini hayo yanashika kwa meli iliyosajiliwa kihalali na yenye mkataba ulioandikwa. Mtoto akipandishwa chombo kwa maneno ya mdomo, hana pa kushika. Kwa hiyo siku ikifika, baba akae naye wasome mkataba pamoja: jina la mwenye meli, mshahara, muda wa mkataba, na kifungu cha kurudishwa nyumbani. Kisha aombe picha ya vile vyeti viwili, aangalie tarehe. Wakala akisema vitafuata baadaye, binti asitie sahihi.