Naomba ushauri: nimeacha ujoki, kilo zinapanda kila wiki

Wadau, habari za jioni. Nimepanda farasi wa mashindano pale Ngong, Nairobi, kwa miaka 11. Niliacha mwaka jana baada ya kuvunjika bega. Enzi hizo nilikuwa kilo 52. Mizani ya joki haina huruma: unapimwa na tandiko lako, kabla ya mbio na baada. Jumamosi usiku nilikuwa sili kabisa. Alfajiri nakimbia na jaketi la nailoni juu ya sweta mbili, nikirudi nakamua soksi kama nguo za kufua. Kiu naituliza kwa kipande cha barafu. (Uingereza waliondoa sauna, vile vyumba vya joto vya kutoa jasho, viwanjani mwaka 2021. Sisi jua lilitutosha.)

Sasa nina kilo 71. Mke wangu akipika chapati na maharagwe nakula kama nafukuzwa, usiku roho inanisuta, kesho yake nashinda na chai ya rangi tu. Kizunguzungu kimerudi, na mkojo una rangi ya chai hiyohiyo.

Mliowahi kuacha ndondi au upandaji farasi, mlirudije kula mara tatu kwa siku bila woga? Na nianzie wapi, kupima figo au kwa mtaalamu wa lishe?