Shule inataka saini yangu ili imfunge mtoto mwenye usonji: sheria inasemaje?

MamaWaKitengo (Morogoro)
Ndugu zangu, habari zenu. Mwanangu ana miaka 7, ana usonji, na anasoma kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya msingi. Huchomoka ghafla na kukimbia, na shule haina uzio ilhali barabara iko jirani. Hivi karibuni nilimkuta amefungwa kanga kiunoni na kuunganishwa na kiti. Nikaambiwa kwamba hukaa hivyo tangu asubuhi hadi wakati wa uji. Sasa nimeletewa karatasi nisaini kwamba nimeridhia "adhibitiwe" wakati wa masomo. Simwoni mwalimu kuwa mtu mbaya, kwani ana watoto wengi peke yake. Naomba kujua kama sheria inaruhusu jambo hili, na kama saini yangu ina uzito wowote.

Wakili_wa_Mtaa
Dada, usiisaini. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamkataza mtu yeyote, mzazi akiwamo, kumtesa mtoto au kumtendea kwa namna ya kikatili au ya kumdhalilisha. Tena kinaeleza kwamba kumwadabisha mtoto hakuhalalishwi iwapo kumepita kiasi kwa kuzingatia umri wake na hali yake ya mwili na akili, wala iwapo mtoto hana uwezo wa kuelewa kwa nini anaadabishwa. Kwa kuwa katazo linakubana hata wewe, huwezi kumpa mwalimu ruhusa ambayo mwenyewe huna.

Ni kweli kwamba kifungu hicho hakitaji kamba wala kiti, na hapo ndipo watu hujificha. Lakini Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Kamati inayousimamia ilifafanua suala hili katika Maoni ya Jumla Na. 8 ya mwaka 2006: mwalimu anaweza kukabiliwa na tabia ya hatari inayomlazimu kutumia nguvu, ila iwe nguvu ndogo kabisa inayotosha, kwa muda mfupi kabisa unaohitajika, na isiwe adhabu. Kumdaka mtoto anayekimbilia barabarani kunaingia humo. Kumfunga tangu asubuhi kwa sababu huenda akakimbia hakuingii.

Mwalimu_EM
Nakubaliana na Wakili, ingawa ni rahisi kuyasema hayo ukiwa nje ya darasa. Mwalimu mmoja akimfuata anayekimbia, wanaobaki hawana mtu. Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni kwamba kumfunga mtoto hakuachi maandishi yoyote. Kanuni za viboko, ambazo mimi binafsi ningependa zifutwe, angalau zinadai idhini ya mkuu wa shule na tukio kuandikwa kitabuni. Mtoto anayefungwa kanga kila siku haandikwi popote. Badala ya karatasi ile, Mama, dai mpango wa maandishi unaoeleza ni nini hutangulia kabla hajakimbia (kwa wengi ni kelele, njaa au kubadilishiwa shughuli ghafla), nani atakaa naye karibu na mlango, na kwamba kila anaposhikwa kwa nguvu uarifiwe siku hiyohiyo. Na asilazwe kifudifudi na kukandamizwa hata kwa dakika chache, kwa maana mtoto anaweza kushindwa kupumua.

Mlezi_Louisville
Huku Kentucky, Marekani, tuna kesi inayofaa kujulikana. Mwaka 2014, katika Kaunti ya Kenton, askari aliyewekwa shuleni aliwafunga pingu mvulana wa miaka 8 na msichana wa miaka 9, wote wenye tatizo la kutotulia na kukosa umakini. Kwa sababu viganja vyao vilikuwa vidogo mno, pingu ziliwekwa juu ya viwiko, mikono ikiwa nyuma. Mwaka 2017 jaji wa mahakama ya shirikisho, William Bertelsman, aliamua kwamba nguvu hiyo ilipita kiasi na ilivunja Katiba, na mwaka uliofuata kaunti ikakubali kulipa zaidi ya dola 337,000. Kanuni za shule za jimbo hili tayari ziliruhusu kumzuia mtoto kwa nguvu pale tu penye hatari ya papo hapo ya kuumia.

MamaWaKitengo
Ahsanteni sana. Nianzie wapi bila kumharibia mwalimu kazi?

Wakili_wa_Mtaa
Mwandikie mwalimu mkuu barua ya kukataa kusaini na kuomba kikao cha kupanga alivyoeleza Mwalimu, nakala kwa ofisa elimu maalumu wa halmashauri na ofisa ustawi wa jamii. Omba humohumo msaidizi wa darasa na uzio, ili barua isomeke kama madai ya kitengo kizima na si mashtaka dhidi ya mtu mmoja. Wakiendelea kumfunga, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ukiona alama mwilini mwake, nenda dawati la jinsia na watoto polisi siku hiyohiyo upewe PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) kabla alama hazijafutika.