Barafu inayowaka ya Qilian: itobolewe au iachwe chini?

Mdau wa Wuhan: Wakuu, Novemba 2008 Wachina walichoronga Muli, milima ya Qilian, jimbo la Qinghai, mwinuko wa mita 4,000 hivi. Mita 130 na ushee chini wakatoa barafu iliyofungia gesi ya methani, ukiiwasha, inawaka. Udongo wa kule umeganda mwaka mzima, ndio unaoitunza. Watafiti waendelee kuutoboa? Mimi nasema basi.

Kisima Kirefu: Basi kwa nini? Mita moja ya ujazo ya barafu hiyo ikiyeyuka inatoa gesi mita 160 na zaidi. Wenzetu wanachoma makaa ya mawe usiku na mchana, gesi ni nafuu kwa hewa. Halafu sisi watu wa jua kali, barafu tunayoijua ni ya kwenye friji. Tunawapangia nini wenye milima yao?

Kibosho Juu: Kisima, friji? Nimezaliwa Kibosho, nikifungua mlango asubuhi Kibo ile pale. Babu alikuwa akinionyesha kwa fimbo mahali palipokuwa peupe enzi zake, leo ni mawe matupu. Tangu 1912 hadi 2007 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro ilikuwa imekwisha. Futa kauli.

Kisima Kirefu: Sikukulenga wewe, Mangi. Ila barafu ya Kibo haina gesi.

Kibosho Juu: Nani kasema inayo? Soma nilichoandika! Nimesema tunaijua barafu, na tunajua inavyoondoka.

Mama Nuru: Na ya Kibo mbona wengine wanasema ni mvua kupungua, si joto peke yake?

Kibosho Juu: Dada, mvua ikipungua theluji itatoka wapi? Yote yamo.

Mdau wa Wuhan: Turudini Muli, tafadhali. Palepale pana makaa ya mawe. Waliyachimba kwa mashimo ya wazi, nyasi za mlimani zikaondoka, karibu na chanzo cha mto Datong, ambao maji yake yanaishia Mto Manjano. Mpaka kashfa ilipolipuka 2020 ndipo wakaanza kufukia.

Kisima Kirefu: Umejifunga mwenyewe. Hao ni wachimba makaa. Tundu la utafiti upana wake haufiki hata sufuria ya pilau.

Mdau wa Wuhan: Tundu la utafiti ndilo linaloita la biashara.

Mama Nuru: Si haraka hivyo. Songo Songo, kisiwa cha kwetu Kilwa, gesi ilionekana 1974, ikafika Dar 2004. Miaka 30! Na hapo hapo Kilwa bado wapo wanaopikia kuni, hilo mbona hamlijadili?

Kisima Kirefu: Hapo Mama Nuru nakuunga mkono kabisa. Anzisha mada.

Kibosho Juu: Friji bado naisubiri.

Kisima Kirefu: Nimeifuta, ndugu yangu. Nilikosea, samahani.

Kibosho Juu: Nimepokea. Sasa nijibu wewe unayetaka watoboe. Methani ikitoroka bila kuungua, kwa miaka 100 inakamata joto mara 28 hivi ya hewa ya ukaa. Watafiti wakishafunga mitambo na kushuka mlimani, nani atabaki pale juu anaipima?