Faili la Java lililo nje ya folda yake: kwa nini Maven inalikubali na Eclipse inalikataa?

Swali

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Nina mradi wa Java unaojengwa kwa Maven, zana ya kukompaili na kufungasha miradi. Faili la Risiti.java linaanza kwa tamko `package mauzo.hesabu;` (yaani klasi yake ni ya pakeji, au kundi la klasi, liitwalo mauzo.hesabu), lakini kwa makosa nililiweka moja kwa moja ndani ya `src/main/java/mauzo`, bila folda ya `hesabu`. Maven iliujenga mradi bila onyo lolote, na programu ikafanya kazi. Mwenzangu alipoufungua mradi huohuo katika Eclipse, programu ya kuandikia msimbo, faili likawekewa alama ya kosa kwamba pakeji iliyotamkwa hailingani na inayotarajiwa. Nami nilipokompaili Main.java, inayoitumia Risiti, peke yake kwa kompaila ya Java, `javac -sourcepath src/main/java`, nikaambiwa kuwa pakeji ya mauzo.hesabu haipo. Faili ni lilelile. Imekuwaje nikapata majibu matatu?

Jibu la kwanza

Ndugu, tofauti inatokana na namna kila zana inavyolipata faili. Maven hukusanya mafaili yote ya Java yaliyo chini ya `src/main/java` na kuyakabidhi kwa kompaila moja kwa moja, na javac ikishakabidhiwa faili haihitaji kulitafuta, kwa hiyo husoma tamko la pakeji lililo ndani yake na kuliamini. Kisha, kwa kuwa matokeo huelekezwa `target/classes`, klasi yako iliandikwa katika `mauzo/hesabu/Risiti.class`, mahali ambapo mashine ya Java ingeitafuta wakati wa kuendesha programu. Ndiyo maana hukuona tatizo lolote.

Ulipoipa javac faili la Main.java peke yake, ililazimika kuitafuta Risiti yenyewe, na njia pekee iliyo nayo ni kuligeuza jina la pakeji kuwa njia ya folda. Ikaenda `mauzo/hesabu`, ikakuta hapana kitu. Eclipse nayo ina kompaila yake, na hiyo imeamua kuhesabu kutolingana huko kuwa kosa. Hakuna zana iliyovunja sheria hapa: maelezo rasmi ya lugha ya Java huuachia mfumo husika uamuzi wa namna pakeji zinavyohifadhiwa. Hata hivyo, kwa maoni yangu Eclipse ndiyo iliyokutendea wema, kwa sababu mradi unaojengeka kwa njia moja tu utamsumbua kila atakayeurithi.

Jibu la pili

Ningependa kuongeza kwamba lugha nyingine zimelifunga suala hili mapema zaidi. Katika Go, folda ndiyo pakeji. Ukichanganya mafaili yenye majina mawili ya pakeji katika folda moja, ujenzi hukataliwa papo hapo, isipokuwa mafaili ya majaribio yenye pakeji iliyoongezewa `_test`. Rust iko upande wa pili kabisa: faili ambalo halikutajwa kwa `mod` halisomwi hata kidogo, hivyo unaweza kulijaza makosa ya sarufi na ujenzi ukapita. Mimi huogopa zaidi ukimya wa namna hiyo kuliko kosa lolote lenye maandishi mekundu.

Jibu la tatu

Ukimya huo upo hata kwenye Maven. Tafadhali angalia pia `src/main/resources`. Faili la Java likiangukia humo halikompailiwi. Hunakiliwa lilivyo hadi ndani ya jar (faili linalofungasha programu iliyokamilika) kama maandishi ya kawaida. Iwapo klasi hiyo huitwa kwa jina lake wakati wa kuendesha tu, ujenzi utapita na ClassNotFoundException (kosa la klasi kutopatikana) itajitokeza baadaye sana. Kinyume chake pia ni kweli: faili la mipangilio lililowekwa `src/main/java` halinakiliwi, isipokuwa umeiagiza Maven kufanya hivyo. Amri ya `jar tf` itakuonyesha kilichomo hasa. Kwa tatizo lako la kwanza, Checkstyle, zana ya kukagua msimbo, ina kanuni ya PackageDeclaration inayolinganisha tamko na folda; iweke katika hatua za ujenzi ili asiyetumia Eclipse naye apate onyo.

Muulizaji

Ninawashukuru sana. Nimelihamishia Risiti.java katika `mauzo/hesabu`, na sasa javac hailalamiki tena. Nilipopekua `src/main/resources` kama nilivyoshauriwa, nilikuta faili moja la Java ambalo sote tuliamini limekuwa likikompailiwa.