Wenye watoto wenye kigugumizi, vikao vya mtandaoni vimewasaidiaje? Tupeane uzoefu

Wadau habari zenu. Kama umeshawahi kumuingiza mwanao kwenye kikao cha mtandaoni cha watoto wenye kigugumizi njoo utuambie ilikuwaje, nini kilimsaidia na nini kilimkwaza. Naanza mimi. Binti yangu alikuwa hajawahi kumsikia mtoto mwingine anakwama, shuleni yuko peke yake na nyumbani ni hivyo hivyo. Siku ya kwanza hakusema neno, kamera kaifunga, ila alikaa mpaka mwisho halafu akaniuliza "mama, kwani na yule herufi M inamsumbua?" Kwangu ilitosha kabisa. Tiba ni kazi ya mtaalamu wa usemi, huku mtoto anakuja kuona wenzake.

baba_wawili: Kilichomtesa wangu ni kujitambulisha kwa zamu. Neno gumu mtoto analikwepa anatafuta lingine, sasa jina lake atalikwepaje? Na kadiri zamu inavyosogea ndo hofu inapanda, ikimfikia koo limeshakaza. Tukaomba zamu zifutwe, anayetaka anainua mkono, asiyetaka anaandika kwenye chati, na jina linaonekana pale chini tayari. Sasa hivi anaongea mwenyewe bila kuombwa.

mkubwa_mwenzenu: Mimi ni mtu mzima nina kigugumizi na huwa nasaidia kuendesha hivi vikao. Naomba mtilie maanani suala la kimya. Kuna kukwama ambako sauti haitoki kabisa, mtandaoni watu wanadhani intaneti imekata, wanaanza "haloo, unatusikia?" na mtoto anakata tamaa palepale. Kwetu ni marufuku, tunasubiri tu, na hakuna kummalizia neno wala kumwambia vuta pumzi. Pia mfundisheni kuificha picha yake mwenyewe kwenye skrini maana kujiangalia unavyokunja uso kunachosha sana. Kusoma kwa pamoja hupunguza kukwama mno lakini mtandaoni sauti zinapishana, hiyo fanyeni nyumbani mzazi na mtoto.

mama_mdogo: Wangu ana miaka 3 na nusu kaanza juzi juzi tu, mama mkwe anasema ni kwa sababu alishtuliwa usiku. Nimuingize?

mkubwa_mwenzenu: Hapana dada, kushtuliwa hakuleti kigugumizi, mara nyingi kinatembea kwenye ukoo. Wengi huanza kati ya miaka 2 na 5, kama watoto 5 katika kila 100 wanapitia na wengi wao kinaisha, watu wazima tunabaki kama 1 kwa 100. Ila usikae kusubiri, muone mtaalamu mapema hasa kama kuna ndugu mwenye nacho. Kwa umri huo kikao ingia wewe mzazi, usikilize wenzio.

baba_wawili: Kweli kabisa. Na tarehe 22 Oktoba ni siku ya kimataifa ya kigugumizi, tangu 1998 kunakuwa na mkutano wa mtandaoni, watu wanaandika habari zao na unaweza kuwauliza maswali kwa maandishi. Mimi nilianzia huko kabla ya kumuingiza mtoto.

Asanteni sana jamani. Wenye vijana wa sekondari mbona kimya, wao wanakubali kuwasha kamera au mnawaacha tu? Wangu anakaribia huko.