Corvair: lawama ni za Ed Cole au za mjaza upepo?

Msukani: Wadau, tujadili. Ed Cole akiwa mkuu wa Chevrolet ndiye aliyeisukuma Corvair, gari dogo la kampuni hiyo, mpaka ikatoka Oktoba 1959: injini nyuma, silinda 6 za kulala, inapozwa kwa hewa. Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader akaandika kitabu kuishutumu kwamba inapindua watu. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ikaipima ya 1963 sambamba na magari mengine ya rika lake, ikasema haiwazidi kwa hatari. Kwangu mimi Cole ameonewa. Maelekezo yalisema wazi: upepo PSI 15 mbele, 26 nyuma. Watu wakajaza wanavyojua.

Spana 13: Mkuu, kosa liko hapo hapo kwenye 15 na 26. Zaidi ya asilimia 60 ya uzito iko nyuma. Ekseli ya nyuma ina jointi moja tu kila upande, pale kwenye difu (gia inayogawa nguvu kwa tairi za nyuma). Upande wa tairi hakuna. Ingia kona kwa kasi, kisha achia mafuta ghafla: nyuma inanyanyuka, tairi la nje linajikunja kuingia chini ya bodi na kusimama kwa ukingo. Likifika hapo halishiki lami tena, mkia unachomoka. PSI 15 iliwekwa makusudi ili tairi za mbele zilegee, zianze kuteleza kabla ya za nyuma. Maana yake usalama wa familia nzima umekabidhiwa kijana wa kituo cha mafuta mwenye mazoea ya kujaza tairi zote nne sawasawa!

Stabilaiza ya mbele (chuma cha kuzuia gari kulala upande kwenye kona) ingesaidia sana, ikaachwa ili kubana gharama. Mwaka 1964 wakaiweka, pamoja na springi ya jani iliyokatiza nyuma. Mwaka 1965 ekseli ikabadilishwa kabisa, jointi mbili kila upande. Kama hapakuwa na kosa, walikuwa wanarekebisha nini?

Kabureta: Mbona Volkswagen Beetle nayo ilikuwa na ekseli ya namna hiyo?

Spana 13: Beetle ni nyepesi na injini yake ni ndogo. Corvair ilikuwa na lita 2.3 za kuifikisha kwenye kona ikiwa na kasi kubwa zaidi.

Mkanda: Mmeng'ang'ania ekseli tu. Feni yake imelala juu ya injini, kwa hiyo mkanda unapinda nyuzi 90 kupitia puli mbili. Ukiukaza kupita kiasi au ukafunga wa kawaida, unaruka, na injini haina maji ya kuiokoa. Halafu oringi (mipira ya kuziba oili) za mirija ya pushirodi, vile vyuma vya kusukuma valvu, zinakauka kwa joto, oili inadondokea silinda za moto, na hita inavuta hewa hiyo hiyo kuingiza ndani kwa abiria.

Kabureta: Tumpime Cole kwa kazi yote basi. Injini ya V8 ndogo ya Chevrolet ya 1955 ni yake. Akiwa rais wa GM (General Motors, kampuni mama ya Chevrolet), 1967 hadi 1974, alishinikiza injini za modeli za 1971 zikubali petroli isiyo na risasi, kwa sababu madini hayo ya risasi yanaganda kwenye masega (kichujio cha moshi kwenye ekzozi) na kuyaua. Masega yakafungwa kwenye modeli za 1975.

Spana 13: Kwenye masega nampa heshima yote. Ila wa Corvair ya 1960 hadi 1963 bado nawaambia: funga stabilaiza, pima upepo tairi zikiwa baridi, na usikubali "zote sawa".